Shangazi na Majani ya Kitonga

"Punguza mwendo, Subilaga. Tela lako linakusukuma," Shangazi aliniambia pale mteremko wa Kitonga unapoanza, utadhani mimi nimeanza kuvuta tela jana.

Nilikuwa nimeshapunguza. Nikamnyamazia, maana ukimjibu anaongeza.

Shangazi si mtu. Ni sauti ya ule mfumo unaoongoza karibu magari yote ya tela nchini, na jina lake la kwenye makaratasi ni refu hata kampuni yenyewe hulikatisha njiani. Sisi madereva tulimwita Shangazi kwa sababu ana tabia za dada wa baba aliyekuja kutembea: anaona vumbi mpaka uvunguni, hanong'oni, na huwezi kumfukuza.

Ila nisimsingizie, kazi anaijua. Enzi za ramani za kawaida, ramani ilikuwa haijui kama wewe ni bodaboda au ni kichwa kinachoburuta tela lenye mbao tele. Inakwambia kata kushoto, unakata, unajikuta uchochoroni katikati ya kamba za nguo za watu. Hapo mtaa mzima unatoka kukuelekeza namna ya kurudi nyuma, kila mmoja na mkono wake. Na kurudi nyuma na tela si mchezo. Ukikata usukani kulia, mkia unakwenda kushoto, na ukichelewa kuurudisha, kichwa na tela vinakunjana kama goti. Shangazi aliyamaliza hayo. Anajua urefu wa tela lako, uzito wa mzigo na upande ulikolalia, daraja gani litakukwaruza na kona gani itaubana mkia. Kitonga anashika breki za tela kabla ya breki za kichwa, ili mkia ukuvute nyuma badala ya kukusukumia korongoni.

Na yote hayo kayapata kwetu. Kila dereva huvaa mkanda kiunoni, na mkanda husoma mikono yako, miguu yako, hadi mapigo ya moyo. Ukitenda jambo ambalo Shangazi hakulitarajia, anakuuliza: hili ni la wote, au ni lako? Ukisema ni la wote, kila kichwa cha tela nchini kinalijua papo hapo, kuanzia Tunduma hadi Holili. Ukisema ni lako, analihesabu kuwa tabia yako tu, kama mtu anayepiga chafya kwa kelele, na magari mengine hayalijui.

Sharti uwe umelitenda kwanza. Maneno matupu hayapokei, na hilo tulijitakia. Zamani dereva akitaka kulala kidogo alimwambia mbele kuna gari bovu, njia imefungwa. Tukamdanganya, tukamdanganya, mpaka kampuni ikamziba sikio. Siku hizi ukisema kuna gari bovu, anatuma kwanza kidege cha kamera kikahakikishe.

Jambo moja tu tulimnyima, nalo ni majani. Kila aliyewahi kusafiri katika nchi hii anayajua. Gari likikuharibikia, unakata matawi mabichi, unayapanga barabarani nyuma na mbele ya gari lako, na anayekuja akiyaona anajua kuna watu wamekwama. Mtoto wa chekechea anajua. Shangazi hajui. Kila tulipoyaona tukakanyaga breki, aliuliza swali lake, na kila dereva akajibu kwamba ni lake. Kwa hiyo kwa Shangazi majani ni takataka za barabarani, na madereva wote wa nchi hii wana kichaa cha kuogopa majani.

Aliyetuapisha ni Mzee Chengula, mwenyekiti wa chama chetu. Kampuni ilikuwa imeanza kuleta vichwa visivyo na kiti, vinavyofuata nyuma ya kichwa kimoja chenye dereva, na tukakutana Makambako. Mzee alisema hicho ndicho kitu pekee kilichobaki mikononi mwetu. Maadamu Shangazi hayajui majani, hawezi kuachiwa barabara peke yake, na kampuni itake isitake itabaki na watu. Mmoja wetu akauliza, je, mtu akifa kwa sababu ya ukimya wetu?

Mzee Chengula alisimama. "Hata siku tela tupu, lisilo na dereva, likija kunipitia mimi, nyamazeni."

Tukaapa. Mimi niliapa kwa sauti kuliko wengi, maana bila usukani sijui kazi nyingine na sitaki kuijua.

*

Siku ninayoisimulia ilikuwa sikukuu ya kampuni. Msafara wa kwanza usio na dereva hata mmoja ulikuwa unatoka Morogoro kwenda Iringa: vichwa kumi vya umeme, kila kimoja na tela lake, ndani hakuna kiti wala usukani. Waheshimiwa walikuwa wamekaa chini ya maturubai Iringa tangu asubuhi, ngoma zimewambwa, wanausubiri. Kampuni iliupa jina zuri la Kiingereza. Sisi tuliuita Msafara Mtupu. Vichwa vile vinapanda mlima kama vinateremka.

Mimi nilikuwa natoka Mafinga na mbao, naelekea pwani. Ukungu ulikuwa umekaa Kitonga kama umelipia chumba. Nilipofika nusu ya mteremko nikaona majani.

Yalikuwa mabichi, yamepangwa vizuri, na juu ya kila tawi kijiwe ili upepo usilichukue. Roho ikanipasuka, maana kazi ile ilikuwa na mwenyewe. Madereva wetu wana ugonjwa mmoja nimegombana nao mpaka nimechoka: wanapanga majani, wanatengeneza gari, kisha wanawasha na kuondoka, majani wameyaacha palepale kama ganda la muwa. Mzee Chengula peke yake ndiye anayeweka kijiwe, na ndiye peke yake anayerudi kuyaokota yote.

Nikasimama. Ukungu ukafunguka kidogo nikaliona lori lake la bluu chini kwenye kona, lori la dizeli la zamani ambalo halijawahi kuonana na Shangazi. Propela, kile chuma kirefu kinachopeleka nguvu ya injini kwenye matairi ya nyuma, lilikuwa limekatika wakati anapanda, na tela likarudi likakaa mshazari. Lilikuwa limefunga njia zote mbili, kwa hiyo hata mimi nisingeweza kulipita. Uvunguni mwa lori nikaona miguu miwili yenye buti.

Nikampigia honi ndefu. Mzee akanyanyua mguu mmoja kunisalimia, akaendelea na spana zake.

Nikajaribu kumwita kwa redio ya upepo. Hakupatikana, betri ya redio yake ilikuwa imezimika kama lori lenyewe.

"Mbona umesimama?" Shangazi akauliza. "Msafara unapanda. Mtapishana kwenye kona ya tatu."

Kona ya tatu ndipo alipokuwa mzee. Nikamwambia Shangazi pana gari bovu na mtu yupo chini yake. Akanijibu kwa adabu zake kwamba taarifa imepokelewa, kidege hakiruki kwenye ukungu, na kwa kadiri anavyojua njia ni nyeupe.

Nikapiga kituo cha kampuni, Morogoro. Aliyepokea ni Injinia Nyamizi, binti wa Kinyamwezi ambaye alikuwa ametubembeleza mara kadhaa tumpe Shangazi majani, na kila mara tukamwangalia kana kwamba anaongea Kichina. Nikamweleza mbio mbio. Akasema uwezo wa kuusimamisha msafara siku ile ameuchukua mkurugenzi mwenyewe, asije mtu akaharibu sherehe, na mkurugenzi yuko kwenye ngoma, simu inaita tu.

"Majani nayajua, dada. Baba yangu alikuwa dereva wa tela," aliniambia. "Lakini mimi sina mkanda. Mkanda unao wewe."

Nikafungua mlango nikimbie nikamvute mzee kwa miguu yake. Nikasikia mvumo unapanda kutoka bondeni, ule mvumo mwembamba wa magari ya umeme, na nikajua sifiki, na katika ukungu ule Shangazi angeliona lori ameshachelewa kusimama.

Watu huniuliza nilifikiri nini pale. Niliwaona wenzangu wa Makambako, mmoja mmoja, na sura zao. Niliogopa. Niliogopa kumuua mzee kwa kunyamaza, na niliogopa kuwaua wenzangu kwa kusema, kwa kuwa dereva aliyenyang'anywa gari naye anakufa, ila polepole na mbele ya watoto wake. Niliapa, na niliyemwapia ndiye yule mwenye buti uvunguni. Nikimwokoa, nimemsaliti. Nikimtii, ameangamia. Nilimkasirikia mzee yule kuliko nilivyowahi kumkasirikia mtu, kwamba alitutwisha kiapo cha namna hiyo halafu akaja kulala juu yake.

"Umesimama bila sababu," Shangazi akasema. "Hili ni la wote, au ni lako?"

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Nikaushika mkanda kwa mikono miwili.

"Ni la wote."

Shangazi akauliza: "Jambo lenyewe ni lipi? Eleza."

"Hayo majani mbele yangu. Majani yakikatwa yakapangwa barabarani, hilo ni neno la mtu. Anasema nipo hapa mbele, siwezi kuondoka, usiniue. Ukiyaona, unasimama."

"Hadi lini?"

Naapa sikuwa na ujanja wowote. Nilijibu kama nilivyofundishwa na Mzee Chengula mwenyewe nikiwa mwanafunzi wake: "Hadi mkono wa mtu uyaondoe."

"Mkono wa mtu," Shangazi akarudia. "Nimepokea. Ni la wote."

Kule chini breki za upepo zikapiga ukelele, kichwa cha kwanza, cha pili, cha tatu, mpaka cha kumi. Kisha mlima wote ukanyamaza. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye ngazi ya kichwa changu nalia kama mtoto.

*

Nilipofika kwenye kona, Mzee Chengula alikuwa ametoka uvunguni, amesimama na spana mkononi, anaangalia chini. Kichwa cha kwanza cha Msafara Mtupu kilikuwa kimesimama mbele ya majani yake ya upande wa bondeni, taa zimewaka, indiketa zinapepesa, na nyuma yake vingine tisa kwenye ukungu. Havikugusa hata jani.

"Shikamoo, baba," nikamwambia.

Ilimchukua muda kuelewa, na alipoelewa akanigeukia. "Umesema?"

"Nimesema."

"Nilikukataza."

"Ulinikataza umekaa kwenye meza kuu, baba. Uvunguni hukunikataza."

Akaketi juu ya jiwe alilokuwa ameliweka kwenye tairi, akajifunika uso kwa kofia. Alisema leo nimewazika madereva wa nchi hii wote, na kwamba ningemwacha afe angekufa na cheo chake. Maneno yale yaliniuma sana. Lakini niliitazama ile miguu yake, mizima, buti moja haina kamba, na sikuweza kujuta hata nilipojaribu.

Tukiwa katika hali hiyo, redio ya kichwa changu ikaanza kuita, nikaenda kuipokea huku mzee akinifuata polepole. Alikuwa Nyamizi, na kwanza nilidhani analia.

"Dada, umefanya nini?" akasema, na ndipo nikagundua kwamba anacheka. "Matela yanasimama nchi nzima."

Akaanza kunitajia. Dumila, tela limesimama. Sekenke, matela yamepangana. Mikumi, Igawa, Mombo, kote huko. Na mahali pote hapo hapakuwa na gari bovu. Palikuwa na majani tu, makavu, mengine ya wiki iliyopita, mengine ya tangu masika, yale ambayo madereva wetu wavivu waliyapanga wakaondoka bila kuyaokota. Shangazi alikuwa anayaona yote sasa. Kituo kilikuwa kinamwamuru aendelee, naye kila mahali anatoa jibu moja: ninasubiri mkono wa mtu. Madereva wachache waliokuwamo wao wakakunja mikono, wakisema hakuna aliyewaajiri kuokota majani.

Mzee Chengula aliipandisha kofia kutoka machoni.

Mimi, niliyegombana na watu miaka yote kwa sababu ya majani hayo, nilishindwa hata kusimama. Nilishika tairi nikacheka mpaka mbavu zikaniuma. Uvivu wa madereva wa Tanzania, ambao hakuna mkutano uliowahi kuumaliza, ulikuwa umeifunga nchi.

Mkurugenzi akaingia kwenye redio. Nyuma yake ngoma zilikuwa zinapigwa bado. Aliongea nami vizuri, aliniita mama, akasema amefurahi sana kwamba maisha ya mzee yameokolewa, na sasa kuna kijambo kidogo tu cha kumalizia. Nimwambie Shangazi kwamba majani makavu hayahesabiki. Sentensi moja, nipite juu ya majani yoyote makavu nikiwa nimevaa mkanda, niseme ni la wote, basi, kila mtu aendelee na shughuli zake. Akaongeza kwamba kampuni haisahau watu wanaoisaidia.

Nilimtazama Mzee Chengula. Angeweza kunikonyeza nikatae kwa ajili ya kazi zetu, nami ningemwelewa. Hakunikonyeza. Alisema kwa sauti ya chini, akimwambia mkurugenzi kupitia kwangu, kwamba aliwahi kukwama Sekenke akisubiri giaboksi kutoka Dar es Salaam, na majani yakakauka, akakata mengine, nayo yakakauka, naye yupo tu amelala chini ya tela lake. Jani kukauka hakumaanishi mtu ameondoka.

"Umesikia, mheshimiwa," nikasema. "Tulimdanganya Shangazi zamani na tumeona matokeo yake. Sitamdanganya tena."

"Sasa unataka mimi nifanye nini, mama? Uchumi umesimama."

"Weka mtu kwenye kila kichwa. Mwenye mikono."

Alibisha, nisiseme uongo. Alitaja wafadhili, alitaja wanasheria, akasema ataunda kamati. Na kila alipovuta pumzi, Nyamizi alimsomea mahali pengine palipofunga, kwa sauti ya upole kabisa, kama mtu anayetangaza vituo vya treni. Alipofika Chalinze, ngoma za Iringa zikanyamaza. Mkurugenzi akauliza kama mtu akipatikana leo hii msafara utaondoka. Nikamjibu kwamba hilo ni la Shangazi na mwenye majani, ila kama anakubali, Nyamizi aiandike amri hiyo sasa hivi na aisome hewani watu wote waisikie.

Akakubali.

Nyamizi akaifungua redio kwa madereva wote nchini, akasoma kwamba kuanzia saa ile hakuna kichwa cha tela kitakachotembea barabarani bila dereva ndani yake, na waliopunguzwa warudi kazini. Alipomaliza zikaanza honi. Ilianza moja, sijui ya wapi, kisha zikaja zote, redio ikawa inapiga honi za nchi nzima. Mzee Chengula alinishika mkono kwa nguvu. Hakuomba radhi, na mimi sikuwa na haja nayo.

*

Kazi iliyobaki ilikuwa ya kawaida. Kichwa cha kwanza cha Msafara Mtupu tukakifunga mnyororo, Shangazi akalivuta tela la mzee taratibu mpaka likanyooka, akiuhesabia mkia wake kila inchi, halafu tukalisogeza lori lote kwenye maegesho ya pembeni na kulipiga mawe kwenye matairi. Njia ikawa wazi. Mzee Chengula akapanda kwenye majani ya juu, akaokota tawi moja moja, akateremka kwenye ya chini, akafanya vilevile. Vichwa kumi vilimsubiri. Alipotupa tawi la mwisho, indiketa zote zikazimika kwa pamoja.

Wakati huo madereva wa Ilula, wale waliopunguzwa mwaka uliopita, walikuwa wamefika kwa bodaboda. Waligawana vichwa wakitaniana, na kwa kuwa havikuwa na viti, kila mmoja alikuja na chake: kreti la soda, kigoda, mwingine kiti cha plastiki alichokiazima kwa mama ntilie bila kumwambia kinakwenda wapi. Mzee Chengula hakukubali vitu hivyo. Alifungua nati za kiti cha lori lake mwenyewe, akakipandisha kwenye kichwa cha kwanza. Propela lililokatika akalichukua pia, maana fundi wa kulichomea yuko Iringa, na dereva mwenye akili haachi lifti ya bure.

Mimi nikaendelea na safari yangu. Yaliyofuata alinisimulia Nyamizi, aliyekuwa anayatazama kituoni.

Msafara uliingia Iringa jua likiwa kali, ukungu umeisha. Ngoma zikaanza upya, waheshimiwa wakasimama, na msema chochote, ambaye hakuna aliyekumbuka kumwambia, akatangaza kwenye kipaza sauti kwamba sasa wananchi watashuhudia gari lisilo na mtu. Mlango wa kichwa cha kwanza ukafunguka. Akashuka Mzee Chengula na ovaroli lake la oili, propela begani.

"Kamwene," akawasalimia.

Uwanja mzima wa Wahehe ukamwitikia kwa sauti moja. Mzee akauliza fundi wa kuchomea vyuma yuko upande gani, maana ana lori mlimani. Wakamwelekeza. Kile chuma kilikuwa kizito na yeye amechoka, akayumba kidogo, na mkurugenzi, akiwa na suti yake ya sherehe, akatoka chini ya turubai akaushika upande wa pili.